Upepo wa dakika chache ulioangamiza ndege za kale za kivita

MKAZI wa Rapsu, katika eneo la Garba Tula, Kaunti ya Isiolo, hana haja ya kufundishwa chamchela ni kitu gani. Wakati wa kiangazi, jua la adhuhuri linapouchoma uwanda ulio upande wa Kinna na Mbuga ya Meru, nguzo ya vumbi huinuka ghafla, ikajizungusha, ikavuka njia na mashamba ya kumwagiliwa maji, kisha ikatoweka kama ilivyokuja. Hasara yake mara nyingi ni nguo zilizoanikwa na bati lililokuwa limelegea. Wachungaji hufumba macho, wakageuza nyuso, wakaendelea na safari.

Upepo unaosimuliwa katika makala haya nao ulizunguka, lakini haukuwa wa kufumbiwa macho. Mnamo Jumatano, Oktoba 3, 1979, yapata saa tisa alasiri, ulipita katika mji wa Windsor Locks, jimbo la Connecticut, kaskazini mashariki mwa Marekani. Katika muda wa dakika chache uliwaua watu watatu, ukajeruhi wengine karibu 500 na kusababisha hasara iliyokadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 200 za wakati huo. Njiani ulipitia upande wa kaskazini wa uwanja wa ndege wa Bradley, mahali palipokuwa na jumba la makumbusho ya ndege. Zaidi ya ndege 20 za kale, nyingi zikiwa za kivita, ziliangamizwa kabisa. Nyingine nyingi ziliharibiwa vibaya.

Ndege ya abiria aina ya Boeing 727 ilikuwa ikishuka kutua katika uwanja huo dakika zile zile. Rubani wake aliahirisha kutua, akapaa tena, na hivyo kuepusha msiba ambao ungeifanya hasara ya makumbusho isikumbukwe na mtu. Nayo shule ya msingi ya Poquonock, iliyokuwa katika njia ya upepo huo, ilikuwa imewaruhusu wanafunzi kwenda nyumbani mapema siku hiyo. Kwa hiyo idadi ya waliofariki, ikilinganishwa na ukubwa wa uharibifu, ilikuwa ndogo. Gavana wa jimbo, Bi Ella Grasso, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Windsor Locks, alitangaza kafyu na kuwaita askari wa akiba kulinda nyumba zilizobomoka.

Hapa inafaa tusimame kidogo kuhusu maneno, kwa kuwa sisi tuliozoea kuhariri habari tuna lawama yetu katika jambo hili. Katika vyumba vya habari neno “kimbunga” limetumiwa kubeba kila upepo mkali, uwe umetoka baharini, jangwani au mawinguni. Msomaji hubaki hajui ni kipi kilichotokea. Zipo pepo za aina tatu zinazozunguka, na kila moja ina asili yake.

Ya kwanza ni tufani ya baharini, ile inayozaliwa juu ya maji yenye joto na kuweza kuwa na upana wa mamia ya kilomita. Hii hudumu siku kadhaa na hupewa jina. Hidaya, iliyofika pwani ya Tanzania Mei 2024, ilikuwa ya namna hiyo. Kwa kawaida haizaliwi karibu na mstari wa ikweta, kwa sababu nguvu ya mzunguko wa dunia inayoifanya hewa ijipinde ni hafifu mno mahali hapo. Ndiyo sababu pwani ya Kenya huipata kwa nadra sana.

Ya pili ni hiyo chamchela ya Rapsu. Huanzia chini na kupanda juu. Ardhi ikishika joto kupita kiasi, hewa iliyo karibu nayo huwa nyepesi na kuinuka, na hewa ya pembeni hukimbilia kujaza nafasi. Ikijikunja kidogo tu, huanza kuzunguka. Haihitaji wingu wala mvua. Huonekana anga ikiwa nyeupe, tena huishi dakika chache na kufa inapofika penye kivuli au ardhi yenye unyevu.

Ya tatu ndiyo tonado, iliyoangamiza ndege za Windsor Locks. Hii hutokana na wingu kubwa la radi, na mzunguko wake huanzia juu, ndani ya wingu lenyewe. Ili izaliwe, hewa yenye joto na unyevu sharti ikae chini, hewa baridi na kavu ipite juu yake, na upepo wa juu uvume kwa kasi na mwelekeo tofauti na ule wa chini. Tofauti hiyo huifanya hewa ijiviringishe kama mkeka. Mkondo wa hewa inayopanda ukiuinua mkeka huo na kuusimamisha wima, wingu zima huanza kuzunguka polepole, na mara chache sehemu yake ya chini hukazwa ikawa nyembamba na yenye kasi ya kutisha hadi ikagusa ardhi.

Katika uwanda wa Isiolo joto lipo, na wakati wa masika unyevu nao upo. Kinachokosekana kwa kawaida ni ule upepo mkali wa juu unaobadilika kadiri mtu anavyopanda. Rapsu iko karibu kabisa na ikweta, mbali na mikondo mikuu ya upepo ya kaskazini na kusini mwa dunia. Afrika Kusini haina bahati hiyo: mnamo Januari 1999 tonado iliua watu katika eneo la Mount Ayliff, Eastern Cape. Huko Bangladesh, Aprili 26, 1989, tonado moja iliua watu wanaokadiriwa kufikia 1,300. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mbaya kuliko zote zilizowahi kuandikwa.

Nguvu ya tonado hupimwa kwa uharibifu ulioachwa, kwani ni vigumu kukuta chombo cha kupimia upepo kikiwa kizima baada ya kupitiwa. Kipimo kilichotumika mwaka 1979 kilibuniwa mwaka 1971 na Profesa Ted Fujita, Mjapani aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Chicago. Kilianzia sifuri hadi tano. Tonado ya Windsor Locks ilipewa daraja la nne, linalokadiriwa kuwa na upepo wa kilomita 330 hadi 418 kwa saa.

Takwimu hiyo haielezi mambo yote mpaka ipigiwe hesabu. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma ukuta au bawa huongezeka mara nne. Tuchukue chamchela yenye upepo wa kilomita 60 kwa saa, ambayo yatosha kung'oa bati. Upepo wa kilomita 330 kwa saa una kasi mara tano na nusu, lakini nguvu yake ni takriban mara 30.

Na ndege ni chombo cha ajabu kukikabidhi upepo wa namna hiyo. Kila kitu kingine duniani hutengenezwa ili upepo usikiinue. Ndege hutengenezwa ili uinue. Bawa halijui kama ni injini inayolisukuma hewani au ni hewa inayolijia likiwa limesimama. Ndege ndogo huacha ardhi ikifika kasi ya kilomita 100 hivi kwa saa. Upepo ukiijia kwa kasi hiyo kutoka mbele, magurudumu huanza kuwa mepesi hata kama hakuna rubani ndani na funguo zimefungiwa ofisini.

Ndege ya makumbusho imo hatarini zaidi kuliko ndugu yake anayefanya kazi. Matangi yake hayana mafuta. Silaha zilikwisha kutolewa, na mara nyingi injini na mitambo mingine nayo imeondolewa. Kilichobaki ni gamba kubwa lenye mbawa pana na uzito mdogo. Haiwezi kurushwa ikimbie hatari, jambo ambalo vikosi vya anga hulifanya vinapopata onyo mapema.

Msomaji aliyewahi kuzuru Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, ataielewa tofauti hiyo kwa urahisi. Mle nje kumesimama garimoshi liitwalo Mount Gelai, la kundi la 59, lenye uzito wa tani zipatazo 250. Kutu huweza kulila, na wezi wa vyuma wakilitamani watalitamani, lakini upepo hauna la kulifanya. Sasa litazame dege la mizigo la C-133 Cargomaster, mojawapo ya zilizoangamizwa Windsor Locks. Mbawa zake zilikuwa na upana wa karibu mita 55 kutoka ncha hadi ncha, zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa kandanda, ilhali uzito wake likiwa tupu haukufika robo ya ule wa garimoshi letu.

Hilo C-133 ndilo linaloonyesha hasara ilikuwa ya namna gani. Ziliundwa ndege 50 tu za aina hiyo. Zilianza kazi mwaka 1957, zikibeba makombora marefu ambayo hayakuingia katika ndege nyingine, na zikaachishwa kazi mwaka 1971 baada ya kadhaa kupotea katika ajali. Nyingi za zilizosalia zilivunjwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Kwa hiyo lile la Connecticut halikuwa moja kati ya maelfu. Lilikuwa moja kati ya chache zinazohesabika kwa vidole. Kiwanda kilichoziunda hakiwezi kuagizwa kiunde nyingine. Vielelezo, mitambo ya kukunjia mabati na mafundi waliojua kazi hiyo vilikwisha kutawanyika.

Wapo watakaouliza: yatuhusu nini sisi? Ndege za vita za Wamarekani, zilizotengenezwa kuua, zikavunjwa na upepo wa Wamarekani. Swali hilo si la kubezwa, na jibu lake limo papa hapa Isiolo.

Italia ilipoingia Vita Vikuu vya Pili, Juni 10, 1940, mpaka wa Kenya na Ethiopia uligeuka kuwa uwanja wa mapambano. Siku iliyofuata, ndege za kikosi cha anga cha Afrika Kusini aina ya Junkers Ju 86, ambazo kabla ya vita zilikuwa zikibeba abiria, zilishambulia majeshi ya Italia karibu na Moyale. Njia ya anga kutoka Nairobi kwenda Moyale inapita juu ya nchi ya Isiolo. Kiwanja cha Archer's Post, kaskazini mwa mji wa Isiolo, kilitumiwa na ndege za Afrika Kusini mwaka huo, zikiwemo Hawker Hartebeest, ndege za mbawa mbili mbili zilizokuwa zimepitwa na wakati hata zilipokuwa vitani. Kwa wengi wa wafugaji wa upande ule, pengine hizo ndizo zilizokuwa ndege za kwanza kuziona kwa karibu.

Ziko wapi leo? Ju 86 iliyosalia ni moja tu duniani kote, nayo imehifadhiwa katika makumbusho ya jeshi la anga la Sweden, mjini Linköping. Hartebeest iliyosalia nayo ni moja tu, katika makumbusho ya historia ya kijeshi ya Johannesburg. Mjukuu wa mtu aliyebeba mawe ya kusawazisha kiwanja au aliyekimbiza ngamia wake kwa hofu ya mngurumo, akitaka kuiona mashine yenyewe, ana mahali pamoja tu pa kwenda kwa kila aina. Upepo wa dakika tatu katika mojawapo ya miji hiyo miwili ungetosha kumnyima nafasi hiyo milele.

Je, hasara ya mwaka 1979 ingeweza kuzuiwa? Wamarekani walikuwa na historia ya kutosha ya kuwafundisha. Machi 20, 1948, tonado ilipiga kambi ya jeshi la anga ya Tinker, jimbo la Oklahoma, ikaharibu zaidi ya ndege 30 zilizokuwa zimeegeshwa nje. Hakuna aliyetoa onyo. Maofisa wawili wa hali ya hewa kambini hapo, Ernest Fawbush na Robert Miller, waliamriwa wachunguze kama jambo hilo lingeweza kutabirika. Walikusanya ramani za hewa za tonado zilizopita na kuzilinganisha. Asubuhi ya Machi 25, siku tano tu baadaye, waliona ramani ya siku hiyo ikifanana mno na ile ya Machi 20. Walitoa onyo alasiri, ndege zikaingizwa mabandani na vitu vilivyolegea vikafungwa. Jioni ile ile tonado ya pili ikapiga kambi hiyo hiyo. Hasara ilikuwepo, ila ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza, na hapakuwa na mtu aliyekufa. Huo unahesabiwa kuwa utabiri wa kwanza wa tonado uliotimia.

Hata hivyo, onyo peke yake halitoshi pale ambapo chombo ni kikubwa mno kuhamishwa. Septemba 1, 1952, dhoruba iliikumba kambi ya Carswell, jimbo la Texas, iliyokuwa na madege makubwa ya kurusha mabomu aina ya B-36. Zaidi ya 70 yaliharibiwa kwa mpigo mmoja. Lakini kiwanda kilichoyatengeneza kilikuwa jirani, ng'ambo ya kiwanja, na karibu yote yalirudi angani katika miezi iliyofuata. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya jeshi na makumbusho: jeshi lina vipuri.

Windsor Locks haikupata onyo lolote. Jimbo la Connecticut halimo katika ukanda unaojulikana kwa tonado, na mwezi Oktoba si msimu wake. Watabiri hawakuwa wakiitarajia. Isitoshe, rada za wakati huo ziliweza kuonyesha mahali penye mvua, si jinsi upepo unavyozunguka ndani ya wingu. Mtandao wa rada zenye uwezo huo ulienea Marekani katika miaka ya 1990 tu. Na hata kama onyo lingetoka, ndege nyingi za makumbusho hayo zilikuwa nje kwa kukosa nafasi. Makumbusho ya ndege karibu yote duniani yana ugonjwa huo: hupokea ndege upesi kuliko yanavyoweza kujenga paa. Paa halina mfadhili anayelipigia picha.

Banda nalo si ngome. Upepo ukivunja mlango mkubwa wa banda la ndege, hewa hujaa ndani na kusukuma paa kwenda juu, huku upepo unaopita nje ukilivuta. Zamani iliaminika kuwa nyumba hupasuka kwa sababu ya uhaba wa hewa katikati ya tonado, na watu wakashauriwa wafungue madirisha. Wataalamu waliliacha wazo hilo. Kufungua dirisha ni kumkaribisha mgeni yule yule anayeng'oa paa. Jambo hili hata mwenye nyumba ya mabati Rapsu analijua kwa uzoefu, na ndiyo maana hubana mlango kabla ya kuweka jiwe juu ya bati. Windsor Locks paa la banda la makumbusho liling'olewa. Miaka 13 baadaye, Agosti 24, 1992, tufani iitwayo Andrew ilibomoa makumbusho ya ndege ya Bw Kermit Weeks katika uwanja wa Tamiami, karibu na Miami, na banda likaziangukia ndege zilizokuwa zimehifadhiwa ndani yake.

Kinga nyingine ni ya kale kuliko ndege, na mfano wake uko pwani yetu. Aprili 15, 1872, tufani iliipiga Unguja, ikazamisha na kuvunja meli za Sultani Seyyid Barghash zilizokuwa bandarini, na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba haikuguswa sana. Kwa kuwa mikarafuu ilikuwepo pande zote mbili, zao hilo lilinusurika, na Pemba ikawa ndiyo chimbuko kuu la karafuu. Meli zilikuwa mahali pamoja. Barghash alilazimika kuagiza nyingine kutoka Uingereza, ikiwemo Glasgow, ile iliyokuja kuzamishwa kwa mizinga mwaka 1896. Ndege zilizobaki mbili au tatu za aina moja, zikiwa katika majimbo tofauti, zina matumaini ya Pemba. Iliyobaki peke yake haina.

Chama cha historia ya anga kilichomiliki makumbusho ya Windsor Locks kilikuwa na njia mbili baada ya msiba: kuuza vyuma au kuanza upya. Kilianza upya. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 1981 katika eneo hilo hilo la uwanja wa Bradley, na miaka michache baadaye jina likabadilishwa kuwa New England Air Museum. Leo mkusanyo wake una zaidi ya ndege 100.

Miongoni mwa zilizojeruhiwa siku hiyo ilikuwa ndege ya mabomu aina ya B-29, iliyosimama nje tangu ilipoletwa mwaka 1973. Karibu 4,000 za aina hiyo ziliundwa, hivyo vipuri vilikuwa havijaisha duniani. Wenye kujitolea, wengi wao wakiwa mafundi waliostaafu, waliifanyia kazi kwa miaka mingi, bati kwa bati, na mwaka 2003 ikapata banda lake yenyewe. Lile dege la C-133 halikupata bahati hiyo. Mwenzake mmoja, wa mwisho aliyekuwa bado na uwezo wa kuruka, alisafirishwa kutoka Alaska mwezi Agosti 2008 hadi makumbusho ya kambi ya Travis, California. Alipozimwa injini hapo, aina hiyo ya ndege ilikuwa imeruka kwa mara ya mwisho.